Anga, Mamlaka na Wananchi: Chimbuko la Shaka juu ya Elimu ya Anga katika Mbulu na Hanang

Utangulizi

Katika kazi ya kueneza elimu ya siasa vijijini, kada hukutana na maswali ambayo hayamo katika mpango wa somo lake. Moja ya maswali hayo husikika mara kwa mara katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkutanoni, mnadani na hata miongoni mwa wanafunzi wa sekondari. Je, ni kweli kwamba binadamu amekwisha kufika mwezini? Nani miongoni mwetu aliyeshuhudia? Na hao wanaotuambia kwamba dunia ni mviringo na inalizunguka jua, wametuonyesha nini hata tuwaamini? Siku hizi maneno hayo yanasafiri haraka zaidi, kwa kuwa simu ya mkononi humletea kijana picha na hotuba, tena kwa Kiswahili, zinazodai kwamba elimu yote ya anga ni ulaghai wa mataifa makubwa.

Mbele ya maswali hayo makada wengi hufanya moja ya mambo mawili. Wengine humcheka muulizaji na kumwita mshamba. Wengine hunyamaza, wakidhani kwamba habari za nyota si habari za siasa. Njia zote mbili si sahihi. Anayecheka anarudia kiburi cha mkoloni. Anayenyamaza anasahau kwamba ujinga ni adui wa kwanza kati ya wale watatu tuliowatangazia vita tangu siku ya uhuru, na kwamba adui huyo hachagui uwanja wa kupigania.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba shaka hii ina historia yake. Wananchi hawakuzaliwa nayo, wala haikutokana na uvivu wa kufikiri. Ilijengeka hatua kwa hatua, kwa sababu katika nchi hizi elimu ya anga ililetwa mara nyingi na mkono wa mwenye mamlaka, ambaye hakuwaruhusu wananchi kuipima. Kwa hiyo basi, hapana budi tutenganishe mambo mawili ambayo yamechanganywa: shaka juu ya mtawala, ambayo mara nyingi ilikuwa haki ya wananchi, na shaka juu ya ukweli wenyewe, ambayo ni hasara yao.

Anga kabla ya ukoloni

Ni kosa kudhani kwamba kabla ya shule watu wa nyanda hizi hawakuwa na elimu ya anga. Mkulima asiyejua majira hafi njaa mara moja tu; hufa njaa kila mwaka. Wairaqw wa Kainam na Murray, katika kitovu chao cha Irqwar Da'aw, walikuwa wakilima kwa samadi na kuhifadhi miteremko yao kwa ustadi kabla mkoloni hajawaletea bwana shamba. Kilimo cha namna hiyo kinahitaji kalenda, na kalenda ya mkulima imeandikwa juu. Kiswahili chenyewe kinashuhudia jambo hilo, maana kundi lile la nyota linaloonekana kama kishada kidogo tunaliita Kilimia, jina lililotoka katika kazi ya kulima.

Jua lilikuwa na cheo cha juu zaidi. Kwa Wairaqw, jina Looaa ni jina la jua na ni jina la Mungu, naye hutajwa kama mama mwenye huruma. Kwa Wadatooga wa Hanang, ambao wengi wao ni Wabarabaig, neno Aseeta nalo linabeba maana hizo mbili kwa pamoja. Kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda jua ni Ishoko, mwenye uwezo wa kuumba. Watu watatu wa asili tatu tofauti na lugha tatu zisizofanana, wanaoishi chini ya mlima mmoja, walikubaliana kwamba jua si kitu cha kawaida.

Tuelewe maana yake. Mwalimu anaposimama darasani na kusema kwamba jua ni tufe la gesi ya moto lililo umbali wa kilomita milioni 150, mtoto wa Mbulu haisikii habari ya fizikia peke yake. Anasikia pia kwamba bibi yake alikuwa akisali kwa moto. Mwalimu huenda hakukusudia hivyo, lakini kama hakueleza, ndivyo alivyosikika. Tangu mwanzo elimu mpya ilionekana kama hukumu juu ya wazee, na anayehukumiwa hutafuta kasoro katika ushahidi.

Nyota na mipaka ya wakoloni

Hatua ya pili ilikuja na ukoloni. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi mkataba wa kugawana nchi za Afrika ya Mashariki. Katika sehemu ya magharibi hawakuufuata mto wala mlima. Waliufuata mstari wa nyuzi 1 kusini ya ikweta, unaokata Ziwa Viktoria na kuendelea bara. Mstari huo hauonekani mahali popote ardhini. Hujulikana kwa kupima kimo cha jua na nyota, kisha kupiga hesabu. Hivyo wananchi wa Kagera waligawanywa kwa elimu ya anga bila ya wao kuulizwa, na bila ya kuonyeshwa jinsi hesabu ilivyofanywa. Na mwezi Oktoba 1978 Idi Amin alipoivamia nchi yetu akidai kwamba mpaka ni Mto Kagera, vijana wetu walimwaga damu kulinda mpaka ambao msingi wake ni hesabu hiyo ya nyota.

Katika Mbulu mambo yalikwenda kwa mtindo huo huo. Mwaka 1906 na 1907 mwanajiografia wa Kijerumani, Fritz Jaeger, alizunguka nyanda za juu za makreta makubwa akichora ramani. Wachora ramani wa zama zile walijua mahali walipo kwa kulenga jua na nyota kwa vyombo vyao. Mwananchi aliyemwona mgeni akilenga chombo angani usiku hakuambiwa kinachoandikwa. Alichokiona baadaye ni boma, kodi na amri. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chini ya Waingereza, ulikuja Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, ambao pamoja na mambo mengine uliwalazimisha wafugaji kupunguza mifugo yao kwa hesabu ya wataalamu.

Tusiseme kwamba kila kipimo cha wataalamu hao kilikuwa cha uongo. Mmomonyoko wa udongo ulikuwapo kweli. Jambo la msingi ni kwamba hesabu ilifanywa na mtu mmoja na maumivu yakapata mtu mwingine. Mwananchi akajifunza kanuni ambayo hakuna aliyemfundisha kwa maneno: mtaalamu anapofika na vyombo, baada yake kuna kitu kitachukuliwa.

Tunguu, 1960 hadi 1964

Ili tuone kwamba hali hii haikuwa ya Mbulu peke yake, tutazame Visiwani, ambako kwa mara ya kwanza katika nchi yetu elimu ya anga yenyewe ilikuwa jambo la kugombaniwa barabarani.

Mwezi Oktoba 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar kwa jina la ulinzi, ilikubaliana na Marekani kujenga huko Tunguu, kisiwani Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga katika mpango ulioitwa Mercury. Roketi ikirushwa kutoka Florida, chombo kilipita juu ya Afrika, na vituo vya Kano nchini Nigeria na Zanzibar vilipokea mawimbi yake. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara 3, na kituo cha Tunguu kilikuwa mojawapo ya vituo vilivyomfuatilia.

Wananchi wengi hawakuamini maelezo hayo. Wazalendo, hasa wafuasi wa Hizbu na vyama vya wafanyakazi, walidai kwamba pale pana kambi ya makombora, na kwamba ikitokea vita ya mabepari na Warusi, Zanzibar itateketezwa kwa ugomvi usioihusu. Wakoloni waliwacheka. Lakini baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Afro-Shirazi Party, ambayo ilikuwa imeipindua serikali ya Hizbu na washirika wake, nayo haikukitaka kituo kile. Mwezi Aprili 1964 Wamarekani walitakiwa kukiondoa, na wakakiondoa. Mahasimu wawili wakubwa wa siasa za Zanzibar waliliona jambo hili moja kwa jicho moja.

Je, wananchi wa Unguja walikosea? Tujibu kwa uangalifu. Tunguu hapakuwa na makombora. Palikuwa na vyombo vya redio na mafundi wa kusikiliza. Katika hilo uvumi haukuwa wa kweli. Lakini roketi iliyomrusha Glenn ilikuwa Atlas, ambayo iliundwa kwanza kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Mkataba ulitiwa sahihi na mtawala wa kigeni. Mzanzibari hakuulizwa, hakufundishwa, na wala hakuonyeshwa. Kwa hiyo wananchi walikuwa sahihi kuhusu mamlaka, wakakosea kuhusu chombo. Waliona sawasawa kwamba kuna jambo wanalofichwa. Kwa kuwa walifichwa, walilijaza pengo hilo kwa hofu.

Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Mfano mwingine uko kaskazini kidogo mwa pwani hiyo hiyo. Karibu na Malindi, nchini Kenya, Waitalia walisimika baharini majukwaa ya chuma yaliyoitwa San Marco, na tangu mwaka 1967 wakarusha kutoka hapo vyombo vya anga. Walichagua mahali pale kwa sababu ya kisayansi iliyo wazi: dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na mwendo wake ni mkubwa zaidi katika ikweta, hivyo roketi inayorushwa karibu na ikweta hupewa msukumo wa bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kubwa. Iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na ilisaidia kuwashawishi wataalamu kwamba huko angani kuna vitu vizito ajabu ambavyo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi neno letu, ambalo babu zetu walilifia, liliandikwa katika historia ya elimu ya anga ya ulimwengu. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Katesh au Mbulu mjini wanaolijua jambo hili? Jina lilitoka kwetu, ardhi na bahari vilitoka kwetu, msukumo wa ikweta ulitoka kwetu. Maarifa yakaenda kuhifadhiwa mahali pengine. Mtu akifikiwa na elimu ya anga kama habari ya watu wengine, tusishangae akiipokea kama hadithi, na hadithi hailazimishi mtu kuiamini.

Ngano ya Basotu

Turudi sasa Hanang, maana hapa ndipo shaka ilipotiwa mizizi kwa jambo lililokuwa karibu zaidi kuliko mwezi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, taifa letu huru lilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Basotu, kwa msaada wa Canada na chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Nia ilikuwa njema: taifa lijilishe mkate wake. Mashamba yakapanuka hadi kufikia ekari zipatazo 100,000.

Wataalamu waliitazama ardhi ile wakaona kwamba haitumiki. Wabarabaig walikuwa na mpango wao wa malisho. Walihama kwa majira kutoka aina moja ya malisho hadi nyingine, na maeneo yenye rutuba zaidi waliyaachia muda yapumzike. Mgeni anayefika wakati wa mapumziko huona nyika tupu. Mwenye ng'ombe huona ghala lililofungwa kwa muda. Trekta zilipoingia, zilichukua ghala. Mahali pengine zililima pia juu ya bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wao.

Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa sehemu ya haki waliyoidai. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hapa hatukusudii kuifungua kesi upya. Tunakusudia kuonyesha somo ambalo mfugaji wa kawaida alilipata. Aliambiwa na watu wenye vyeti, ramani na mashine kwamba ardhi anayoijua kwa miguu yake haina mtu. Yeye alijua kwamba ina mtu, naye ndiye mtu huyo. Sasa watu wa namna hiyo hiyo, wenye vyeti na picha, wanamwambia habari ya mwezi ambao hakuna kati yao aliyeukanyaga kwa miguu. Kwa mantiki gani awaamini katika jambo la mbali, ikiwa walikosea katika jambo la karibu?

Hiyo ni hoja, si ujinga. Nasi hatuna budi kuijibu kwa hoja. Kosa la Basotu halikuwa katika kipimo cha udongo, kwani ngano ilimea. Kosa lilikuwa la kuamua bila ya kumwuliza mwenye mahali. Azimio la Arusha lilitufundisha kwamba maendeleo ni ya watu, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya kuwaamulia watu mambo yao. Pale tulipokiuka mafundisho yetu wenyewe, tulipoteza kitu ambacho hakikuandikwa katika hesabu za shirika lolote: imani ya mwananchi kwa mtu anayejiita mtaalamu.

Kuutenganisha ukweli na mwenye mabavu

Wapo wanaofika hapa wakahitimisha kwamba kwa kuwa sayansi ililetwa na mabeberu, basi sayansi yenyewe ni ya kibeberu. Hilo ni kosa la nadharia, na ni la hatari. Mjerumani alipima mpaka kwa nyota. Lakini nyota si za Mjerumani. Bunduki ya mkoloni ilifuata sheria za maumbile, na bunduki ya mpigania uhuru ilizifuata sheria hizo hizo.

Wala chimbuko la elimu hii si la Ulaya peke yake. Mtu wa kwanza tunayemjua aliyepima ukubwa wa dunia kwa hesabu, Eratosthenes, alizaliwa Kirene, katika nchi ambayo sasa ni Libya, akafanya kazi Alexandria, nchini Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alitumia vivuli. Chombo chake kinapatikana katika kila boma la Hanang, nacho ni fimbo.

Katesh iko karibu nyuzi 4 na nusu kusini ya ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, yapata tarehe 9 Machi na tarehe 4 au 5 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya utosi. Siku hiyo, kiasi cha saa 6 na nusu au zaidi kidogo mchana, fimbo iliyosimamishwa wima haina kivuli. Songea iko karibu kusini moja kwa moja, umbali wa kilomita 680 hivi kwa mstari ulionyooka. Siku hiyo hiyo huko Songea, fimbo ya mita 1 hutoa kivuli cha karibu sentimita 11, maana yake jua limeinama kwa nyuzi 6 na kidogo. Nyuzi hizo ni kama sehemu ya 58 ya duara zima. Zidisha kilomita 680 kwa 58, utapata karibu kilomita 40,000, ambayo ndiyo mzunguko wa dunia.

Mbishi anaweza kusema: labda dunia ni tambarare na jua liko karibu, ndiyo maana vivuli vinatofautiana. Hoja hiyo ni halali, na vivuli viwili peke yake haviwezi kuikata. Basi tuchukue mahali pa tatu. Cairo iko karibu kilomita 3,830 kaskazini ya Katesh. Kama dunia ingekuwa tambarare, kivuli kingekua sawasawa na umbali, na fimbo ya mita 1 huko Cairo ingetoa kivuli cha kama sentimita 60. Kwa dunia ya mviringo, kivuli kinapaswa kuwa karibu sentimita 69. Tofauti ya sentimita 9 inaonekana kwa macho na hupimwa kwa rula ya mwanafunzi. Shule ya Katesh, shule ya Songea na rafiki mmoja aliyeko Misri wanaweza kuumaliza ubishi huu mchana mmoja, bila ya kumwomba ruhusa mtu yeyote wa Marekani.

Kipimo cha pili ni utabiri. Tarehe 16 Februari 1980 kivuli cha jua lililopatwa kikamilifu kilipita Zaire, Tanzania na Kenya kabla ya kuvuka bahari kwenda India. Siku na saa vilijulikana miaka mingi kabla. Usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote kuanzia kiasi cha saa 2 na nusu, na aliyekuwa na anga safi aliona kivuli cha dunia kikiingia mwezini kwa ukingo wa mviringo, kama ilivyotabiriwa. Mlaghai anaweza kubuni picha. Hawezi kumwamuru mwezi utii picha yake.

Kuhusu safari ya mwezini ya tarehe 20 Julai 1969, tumpime shahidi kwa kanuni inayojulikana na wazee wetu wa baraza: ushahidi mzito ni ule wa mpinzani. Katika mwaka ule Urusi ya Kisovyeti ilikuwa ikishindana na Marekani kwa kila hali. Chombo chake, Luna 15, kilikuwa kikiuzunguka mwezi wakati ule ule, kikaanguka huko. Warusi walikuwa na vyombo vya kufuatilia na kila sababu ya kufichua uongo kama ungekuwapo, nao hawakukanusha. Mwaka 1970 chombo chao Luna 16 kilirudi na udongo wa mwezi, gramu 101. Wamarekani na Warusi, kila upande kwa wakati wake, waliacha huko vioo vya kurudisha mwanga, na hadi leo wataalamu wa nchi mbalimbali huvilenga kwa mwanga mkali na kupima umbali wa mwezi. Tarehe 23 Agosti 2023 India, nchi iliyotawaliwa na mkoloni yule yule aliyetutawala sisi, ilitua mwezini kwa chombo chake yenyewe. Ulaghai unaowaunganisha mahasimu wote hao kwa zaidi ya nusu karne ungekuwa ajabu kubwa kuliko safari yenyewe.

Gharama ya shaka

Msomaji anaweza kuuliza: hata kama mfugaji wa Basotu haamini habari za mwezi, anapungukiwa nini? Ng'ombe wake watakamuliwa vile vile.

Jibu liko kwenye mteremko wa Mlima Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya wananchi 80 walipoteza maisha. Palikuwa na wasiwasi kwamba mlima, ambao asili yake ni volkano, umeamka. Serikali ilieleza kwamba haikuwa volkano. Miamba dhaifu ilinyonya maji, ikalemewa, ikameguka.

Miezi mitatu hivi kabla, mwezi Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya Elnino. Utabiri wa namna hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na setilaiti, ambazo hupima joto la bahari na kutazama mawingu ya Afrika mchana na usiku. Tuwe wakweli: hakuna utabiri wowote uliotaja korongo gani litaporomoka, wala hatuna haki ya kuwalaumu marehemu kwa lolote. Lakini onyo la siku zijazo litatoka katika vyombo hivyo hivyo. Mtu aliyeshawishika kwamba hakuna setilaiti angani hawezi kuondoka nyumbani kwake usiku wa mvua kwa sababu ya tangazo la setilaiti. Hapo ndipo ubishi wa kilabuni juu ya mwezi unapogeuka kuwa jambo la uhai.

Na upande wa pili una uzito huo huo. Setilaiti huona wingu. Haioni jina la korongo. Mzee wa Hanang anajua ni wapi maji yalipita alipokuwa mtoto, na ni wapi nyumba zimejengwa baadaye. Onyo lililo kamili linahitaji macho yote mawili. Mtaalamu asiyemsikiliza mzee huyo anarudia kosa la Basotu, na safari hii kitakachopotea si malisho.

Wajibu wa kada

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo matatu ya kazi.

Kwanza, kada asimdharau mwenye shaka. Amwulize shaka yake imetoka wapi. Mara nyingi atakuta chini yake kuna shamba lililochukuliwa, ng'ombe waliopunguzwa, au mwalimu aliyemdhihaki bibi wa mtu. Malalamiko ya kweli yajibiwe kama malalamiko, na jambo la maumbile lijibiwe kama jambo la maumbile. Tukiyachanganya, tunawapa wapotoshaji silaha. Na mbele ya wazee wa Kiiraqw, wa Kidatooga na wa Kihadzabe, kada aeleze kwamba kulipima jua si kuliondolea heshima.

Pili, kipimo kiwe mikononi mwa watu. Chama kina uzoefu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Hawakuambiwa tu kwamba maji machafu huleta ugonjwa. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao na kuona matokeo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Siri ya kampeni zile ni kwamba ukweli ulipita katika mjadala na kazi kabla ya kudai imani. Fimbo ya Katesh na fimbo ya Songea ni kazi ya namna hiyo. Mashina, shule na vyuo vyetu vinaweza kuipanga kwa tarehe zilizotajwa hapo juu, bila ya fedha za mfadhili.

Tatu, mtaalamu awajibike. Anayekuja na ramani, picha ya angani au utabiri aeleze kwa Kiswahili amepima nini, kwa chombo gani, na anaweza kukosea kwa kiasi gani. Maneno tunayo, na pale yanapopungua tuna vyombo vya kuyasanifu tangu BAKITA lilipoundwa mwaka 1967. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaposema kwamba mvua itazidi wastani, kamati ya kijiji ikae na wazee, iyataje makorongo kwa majina, na ikubaliane mapema nani ataondoka kwanza na ataelekea wapi. Mkutano huo ufanyike kabla ya mvua za vuli, kila mwaka, katika kila kijiji kilicho chini ya mlima.